Mkaa wa kuchujia maji: Mali iliyolala Nyanza-Lac, lakini si dawa ya kipindupindu

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac na kuvuka mpaka hadi Kagunga na Kigoma, kuna vitu viwili visivyoadimika: maji na maganda ya kokwa za michikichi. Maji yapo tele, ila yaliyo salama kwa kunywa ni machache. Maganda nayo yamelundikana penye mashine za kukamulia mawese. Mengine huchomwa chini ya mapipa ya kuchemshia chikichi, mengine humwagwa barabarani kufukia madimbwi.

Kati ya vitu hivyo viwili kuna biashara ambayo wengi hawajaitazama. Maganda hayo, sawa na makaa ya mawe yanayochimbwa ng'ambo ya ziwa, yanaweza kugeuzwa kuwa mkaa wa kuchujia maji. Ni mkaa ule ule ambao wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Chunya wanaununua kwa jina la kaboni.

Kwa aliyerejea kutoka Tanzania na kukuta kipande chake cha ardhi kimegawanyika au kina mgogoro, na kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Mugina na Manyovu kila wiki, jambo hili lina maana. Halihitaji shamba kubwa. Linahitaji ujuzi wa moto, subira na uaminifu. Uaminifu ndio wa kwanza, kwa sababu mkaa huu ukiuzwa kwa maneno ya uongo unaweza kuua.

Tuanze na kumbukumbu ambayo watu wa mwambao hawajaisahau. Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya Bujumbura walijikuta wamebanana kwenye ufukwe mwembamba wa Kagunga, upande wa Tanzania, wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwani, na vyoo havikutosha. Kipindupindu kikaingia. Ilipofika tarehe 22 Mei mwaka huo, watu wapatao 3,000 walikuwa wameugua na 31 walikuwa wamefariki dunia.

Tangu hapo maji ya ziwa yamepanda mara kadhaa, hasa kati ya mwaka 2020 na 2024, yakafunika nyumba, mashamba na vyoo vya watu waliojenga karibu na ufukwe. Choo kikifunikwa na maji, kilichomo ndani hakibaki ndani. Kwa hiyo kila anayesema ana kifaa cha kusafisha maji anasikilizwa kwa hamu. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika.

MKAA UNANASA NINI?

Watu wengi hudhani mkaa huchuja maji kama kitambaa kinavyochuja tui la nazi, yaani uchafu mkubwa unazuiwa na maji yanapita. Kazi yake hasa si hiyo. Mkaa uliotengenezwa vizuri una vitundu vidogo mno, vingi kuliko unavyoweza kuhesabu, na kuta za vitundu hivyo zina tabia ya kunasa vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Rangi, harufu, ladha mbaya, mabaki ya dawa za kunyunyizia mashambani na dalili za petroli ya boti vyote hung'ang'ania kwenye kuta hizo kama nzi kwenye utomvu wa fenesi.

Uwezo wake unatokana na ukubwa wa kuta hizo. Gramu moja tu ya mkaa wa kiwandani ina eneo la ndani la kati ya mita za mraba 500 na 1,500. Ukichukua wastani wa 1,000, gramu saba hivi, ambazo unaweza kuzishika kwenye kiganja, zina eneo sawa na uwanja mzima wa mpira wa miguu.

Mkaa wa kupikia hauna uwezo huo. Nao una vitundu, lakini vingi vimezibwa na lami na mabaki ya moshi yaliyoganda wakati wa kuchomwa. Ili kuvifungua, mkaa hupitishwa kwenye moto mkali zaidi pamoja na mvuke wa maji. Mvuke huo hula sehemu ya mkaa, huondoa lami na kuchimba vitundu vipya. Kazi hiyo tutaiita kuuamsha mkaa. Mkaa usioamshwa umelala: upo, lakini haufanyi kazi inayotakiwa.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1785 mkemia Johann Tobias Lowitz, aliyekuwa akifanya kazi Urusi, aligundua kuwa mkaa huondoa rangi kwenye vimiminika. Viwanda vya sukari vikaanza kuutumia kung'arisha sukari. Mwanzoni mwa karne ya 20, Raphael von Ostrejko alisajili njia za kuuamsha mkaa kwa mvuke na kwa kemikali. Gesi ya sumu ilipotumika katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915, mkaa wa aina hiyo ukawekwa kwenye vinyago vya askari ili kunasa sumu kabla haijafika mapafuni.

MAKAA YA MAWE YAKO WAPI?

Duniani, sehemu kubwa ya mkaa wa kuchujia hutengenezwa kwa makaa ya mawe. Sababu ni moja: yapo mengi, mahali pamoja, kwa bei ya chini. Kiwanda hakihitaji kuzunguka vijijini kukusanya maganda, kwani lori moja la makaa ya mawe linatosha kuendesha tanuri kwa siku kadhaa.

Burundi haina machimbo ya makaa ya mawe ya kutegemewa. Ina nyasi mboji zilizooza na kugandamana mabondeni kwa maelfu ya miaka, ambazo kwa Kifaransa huitwa tourbe, na kwa miaka mingi zimechimbwa na shirika la ONATOUR kwa ajili ya kuni za kambini, magerezani na viwandani. Hizo ni kama makaa ya mawe ambayo hayajakomaa, na huko Ulaya zimewahi kutumika kutengenezea mkaa wa kuchujia.

Lakini ziwa letu limezungukwa na makaa ya mawe yenyewe. Ng'ambo, upande wa Kongo, kuna makaa ya Lukuga karibu na Kalemie, yaliyochimbwa enzi za ukoloni wa Ubelgiji. Upande wa Tanzania kuna makaa ya Namwele mkoani Rukwa, na kusini zaidi kuna Kiwira na Ngaka. Kwa mfanyabiashara wa boti, Kalemie na Rukwa si mbali.

Kuyageuza kuwa mkaa wa kuchujia kunafuata hatua hizi. Kwanza makaa hupondwa kuwa punje za ukubwa wa mahindi au mchele, yakachekechwa na kuoshwa. Pili, kwa yale yanayovimba na kushikana yakipata joto, huachwa kwanza kwenye joto la wastani penye hewa ili yapoteze tabia hiyo. Tatu, huchomwa bila hewa kwenye nyuzijoto 500 hadi 700 mpaka moshi na lami vitoke. Nne, huamshwa kwa mvuke kwenye nyuzijoto kati ya 800 na 1,000. Mwisho huoshwa, mara nyingi kwa asidi kisha kwa maji mengi, ili kupunguza majivu.

Hilo la majivu ndilo linalowashinda wengi. Makaa ya mawe yana udongo na madini ndani yake, nayo hayaungui. Tuseme umeanza na makaa yenye majivu asilimia 15. Yakipoteza nusu ya uzito wake tanurini, majivu yanabaki yale yale, kwa hiyo sasa ni asilimia 30. Karibu theluthi moja ya unachouza si mkaa tena. Aidha, baadhi ya makaa ya mawe yana salfa, na mengine yana chembe za metali zenye sumu kama vile arseniki na zebaki. Mkaa unaokusudiwa kusafisha maji ya kunywa hauwezi kuruhusiwa uyachafue.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kutumia makaa ya mawe ni lazima apime malighafi kabla ya kununua hata gunia la pili, na apime tena mkaa uliokamilika. Maabara ipo. Kwa upande wa Tanzania kuna Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Vyuo vikuu navyo vina maabara za kemia, na Chuo Kikuu cha Burundi ni kimojawapo.

Kuna onyo moja zaidi. Siku hizi upande wa Tanzania yanauzwa makaa ya kupikia yaliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, yakiwamo yale ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, yanayoitwa Rafiki. Hayo yametengenezwa kwa ajili ya jiko, na yamefinyangwa ili yashikamane na kuwaka. Asitokee mtu akayaponda na kuyauza kama mkaa wa kuchujia maji. Kila kitu na kazi yake.

MAGANDA YA CHIKICHI

Ndiyo maana kwa mtu wa Nyanza-Lac, malighafi bora iko mlangoni pake. Baada ya chikichi kuchemshwa na kukamuliwa mawese, kokwa huanikwa, zikavunjwa, kiini kikatolewa kwa ajili ya mafuta ya sabuni. Ganda gumu linabaki. Nchini Malaysia, moja ya nchi zinazoongoza kwa mawese duniani, maganda kama hayo hutengenezewa mkaa wa kuchujia kwa wingi. Ni magumu, yana majivu machache kuliko makaa ya mawe, na hayana salfa nyingi.

Tena hayakati mti. Anayejua Hifadhi ya Rumonge, Vyanda au msitu wa Kigwena anajua jinsi tanuri za mkaa zilivyovila vilima vya mwambao. Gunia la maganda ni gunia ambalo halikutoka msituni.

Hata hivyo, asidanganyike mtu kwamba maganda ni ya bure. Wenye mashine huyatumia kama kuni. Ukianza kuyachukua, watahitaji kuni mbadala, nao watakuuzia. Bei hiyo iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilo 100 za maganda makavu hutoa takriban kilo 30 za mkaa wa kawaida. Ukiuamsha, kati ya theluthi moja na nusu ya mkaa huo huliwa na mvuke. Unabaki na kilo 15 hadi 20. Kwa hiyo tani moja ya maganda, yaani magunia 20 ya kilo 50, hutoa kilo 150 hadi 200 za mkaa ulioamshwa. Ndoo ya kuchujia ya nyumbani ikitumia kilo mbili, hizo ni ndoo 75 hadi 100.

Wengi waliorejea kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu wanajua kujenga tanuri la mkaa la udongo na kusoma moshi wake, mweupe ukiwa wa maji na wa samawati ukiwa umekaribia kuiva. Ujuzi huo ni mtaji kwa hatua ya kwanza. Hatua ya kuuamsha ni ngeni kwao, kwa sababu tanuri la udongo halifikii joto linalotakiwa na haliwezi kupokea mvuke. Hapo linahitajika pipa la chuma nene lililolala juu ya moto mkali, lenye bomba la kuingizia mvuke na bomba la kutolea gesi.

Hapo pia ndipo penye hatari. Pipa lisifungwe kabisa, kwa maana mvuke usiokuwa na pa kutokea hulipua chuma. Gesi inayotoka ina kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Kazi ifanyike nje, mbali na nyumba, na gesi hiyo ielekezwe chini ya tanuri iungue yenyewe na kuongeza joto. Mkaa ukishaamka usimwagwe nje ukiwa wa moto, kwa kuwa ukikutana na hewa utawaka wenyewe. Uachwe upoe ndani ya chombo kilichofunikwa mpaka siku ya pili.

KIPINDUPINDU HAKINASWI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Vitundu vinavyofanya kazi kubwa kwenye mkaa ulioamshwa vina upana usiozidi nanomita mbili. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kimelea cha kipindupindu kina urefu wa nanomita 1,500 au zaidi, yaani zaidi ya mara 700 ya mlango anaotakiwa kuingia. Ni sawa na kutaka kumpitisha ng'ombe kwenye tundu la sindano. Kimelea hakinaswi. Kinapita pembeni, katikati ya punje na punje, na kutoka na maji kwenye bomba.

Kuna baya zaidi. Mkaa hunasa klorini. Mtu akiweka dawa ya klorini kwenye maji, kisha akayapitisha kwenye mkaa, ile dawa inaishia kwenye mkaa na maji yanatoka bila ulinzi. Na mkaa uliokaa muda mrefu umekusanya mabaki yanayoweza kuwa chakula cha vimelea, hivyo huzaliana humo humo. Maji yanaweza kutoka yakiwa meupe, matamu, yasiyo na harufu, na bado yakawa na vimelea vingi kuliko yalivyoingia.

Waliokaa Nyarugusu, Nduta au Mtendeli wanaikumbuka harufu ya klorini kwenye maji ya bomba la kambini. Wengi hawakuipenda. Mfanyabiashara anayewaambia kwamba ndoo yake ya mkaa inaondoa harufu hiyo anasema kweli. Asichowaambia ni kwamba harufu hiyo ndiyo iliyokuwa mlinzi wao.

Utaratibu sahihi kwa hiyo ni huu. Maji ya ziwa au ya mto yaachwe yatulie, yapitishwe kwenye kokoto na mchanga ili tope libaki, kisha yapite kwenye mkaa ili rangi, harufu na kemikali vinaswe. Baada ya hapo, na si kabla, yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa kwa dakika zisizopungua 30. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, lisiingizwe kikombe wala mkono.

Mkaa unasaidia katika utaratibu huu, kwa sababu maji yasiyo na tope wala uchafu uliooza hayali klorini nyingi, na dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Lakini ni msaidizi, si kinga.

Vilevile, mkaa wa maganda au wa makaa ya mawe hauondoi chumvi, wala haufai kitu kwa floridi inayoharibu meno na mifupa. Kule Arusha na kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako floridi ni tatizo la miaka mingi, hutumika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto nchini Tanzania na kitengo cha maji cha Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya vimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwa joto linalosimamiwa, maana likipita kiasi mfupa hupoteza uwezo wa kunasa floridi.

Mwaka 2015, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio linalounganisha mchanga na malighafi zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Funzo la Ngurdoto, Nakuru na Arusha ni moja: hakuna chujio la maji yote. Yapimwe maji kwanza, kisha lichaguliwe chujio.

SOKO LA DHAHABU

Msomaji mfanyabiashara huenda anajiuliza, je, wateja ni wenye ndoo tu? La. Upande wa Tanzania, mitambo mingi ya kuchenjua dhahabu hutumia sayanaidi kuyeyusha dhahabu iliyobaki kwenye marudio, kisha hupitisha maji hayo kwenye kaboni. Dhahabu hunaswa kwenye vitundu, kaboni ikapelekwa kwenye mtambo mwingine kutolewa dhahabu hiyo. Mwanza, Geita, Shinyanga na Chunya, neno kaboni linajulikana hata kwa mama lishe wa machimboni.

Lakini soko hilo lina masharti magumu. Kaboni ya dhahabu lazima iwe ngumu, ndiyo maana inayopendwa ni ya vifuu vya nazi. Punje zikisagika mtamboni, unga uliobeba dhahabu hupita kwenye chekecheo na kutupwa pamoja na mabaki. Mteja hapo hapotezi mkaa, anapoteza dhahabu, na hatasahau aliyemuuzia. Maganda ya chikichi ni magumu na yanaweza kushindana, ila mzalishaji mpya asiyekimbilie huko kabla hajapima ugumu wa punje zake. Aanze na maji, ambako punje iliyovunjika haileti hasara kubwa.

Kupima uwezo wa mkaa kwa njia rahisi kunawezekana nyumbani. Chukua chupa tatu zenye kiasi sawa cha chai ya rangi iliyopoa. Moja iache kama ilivyo. Ya pili weka kijiko cha mkaa wa kupikia uliosagwa. Ya tatu weka kijiko hicho hicho cha mkaa ulioamshwa, uliosagwa vile vile. Tikisa zote kwa dakika kumi, acha zitulie, chuja kwa kitambaa na ulinganishe rangi. Kama ya pili na ya tatu zinafanana, mkaa wako bado umelala.

Kipimo hicho kinakufaa wewe mzalishaji, hakimtoshi mnunuzi mkubwa. Yeye ataomba namba ya iodini, ambayo huonyesha ni miligramu ngapi za iodini zimenaswa na gramu moja ya mkaa. Mkaa wa maji wa kiwandani huwa kati ya 500 na 1,200. Ataomba pia kiwango cha majivu, unyevu na ugumu. Karatasi ya maabara yenye namba hizo inauza kuliko maneno mia.

KUVUSHA MPAKA

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha ya nchi mbili zinazopakana. Kabla ya kufunga mzigo, muulize ofisa wa forodha wa Mugina au Manyovu kama bidhaa yako imo kwenye orodha hiyo, na uulize masharti ya shirika la viwango la Burundi, BBN, na lile la Tanzania, TBS. Swali hilo ni rahisi kuliko kukamatiwa magunia.

Kwa wanaosafirisha kwa boti kutoka Nyanza-Lac kwenda Kibirizi, kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni moto. Mkaa ulioamshwa ambao haujapoa sawasawa unaweza kujipasha joto wenyewe ndani ya gunia. Kimataifa umesajiliwa kati ya mizigo inayoweza kuwaka yenyewe, kwa namba ya UN 1362. Uache siku kadhaa baada ya kutengenezwa, uuguse ndani ya gunia, ndipo upakie.

La pili ni harufu. Mkaa huu hunasa chochote kilicho karibu nao. Ukiusafirisha kwenye gunia wazi kando ya mapipa ya petroli, katoni za sabuni au magunia ya dagaa, utafika Kigoma ukiwa umejaa petroli, sabuni na dagaa, na vitundu vyake vimekwisha kabla mteja hajaugusa. Ufungwe kwenye mfuko wa plastiki mzito uliozibwa, ndani ya gunia.

Nchini Burundi nako soko lipo, kuanzia vijiji vya amani vya waliorejea hadi shule, zahanati na hoteli ndogo za mwambao. Nyanza-Lac, iliyokuwa chini ya mkoa wa Makamba, sasa imo katika mkoa mpya wa Burunga pamoja na Rumonge, kufuatia mpangilio wa mikoa wa mwaka 2025. Vikundi vya ushirika vinavyotaka kusajiliwa au kuomba nafasi ya kufanyia kazi sasa vina uongozi mmoja wa mkoa wa kuuendea, badala ya miwili.

DAFTARI NA LEBO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tanuri linalotolewa liandikiwe tarehe, uzito ulioingia, uzito uliotoka, muda wa mvuke na matokeo ya chupa za chai. Tanuri likiharibika, daftari litaonyesha kosa lilikuwa wapi. Tanuri likitoka vizuri, litaonyesha namna ya kulirudia.

Na kila mfuko unaouzwa kwa ajili ya maji uwe na lebo yenye maneno yanayosomeka kwa Kirundi na Kiswahili. Iandikwe malighafi, tarehe ya kutengenezwa na muda wa kubadilisha mkaa, kwa kuwa vitundu hujaa na mkaa uliojaa ni mchanga mweusi tu. Kisha, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, iandikwe kwamba mkaa huu hauui vimelea, na kwamba maji yachemshwe au yatiwe dawa baada ya kuchujwa.

Muuzaji atakayeogopa kuandika maneno hayo kwa kudhani yatafukuza wateja ajiulize wateja hao wanaishi wapi. Ni majirani zake wa Nyanza-Lac, ndugu zake waliobaki Kigoma na watoto wanaochota maji kwenye ufukwe ule ule. Mzigo wa mkaa unaweza kutengenezwa tena wiki ijayo. Jirani aliyezikwa kwa kipindupindu kwa sababu aliamini ndoo yako hatarudi kununua.